Mapipa, Kauri na Mayai ya Malkia

Jumapili, 2 Machi. Mawingu tu.

Mume wangu ameniletea daftari hili kutoka kwenye saluni yake ya unyozi. Anasema nina hasira za karibu, na kwamba nikiandika nitapumua kabla sijafungua mdomo. Nimemwambia mimi ni fundi wa saketi, kazi yangu ni kupima, na hasira zangu nimeshazipima, ziko sawa kabisa. Akaliweka daftari mezani, akaenda kulala. Haya, naandika.

Leo amekuja baba mkwe. Paa la nyumba yake linavuja na mvua ziko mlangoni, kwa hiyo atakaa nasi mpaka fundi wa paa amalize. Fundi ameahidi wiki moja. Baba mkwe amekuja na begi, mwavuli na utaratibu wake. Nilipomwamkia "Shikamoo Baba", alisimama, akaweka begi chini, akaukunja mwavuli, akatafuta pa kuuegemeza, kisha akasema, "Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimeshasahau nilichokuwa nimesema.

Mtu wa kwanza kunitajia methali yoyote ya haraka atalala nje.

Jumanne, 4 Machi. Manyunyu.

Mama Kuku amekuja kuiona mashine. Huyu ni mfugaji wa mtaa wa nyuma, na ndiye kiongozi wa kikundi chao cha wafugaji. Nimemtengenezea mashine ya kutotoa vifaranga: sanduku lenye kipasha joto, feni ya kuzungusha hewa, na bodi ndogo ya umeme ambayo ndiyo ubongo wake. Nimeiweka sebuleni kwa sababu chumba changu cha kazi kinaingiza unyevu. Vifaranga wakitoka, kikundi kizima kitachukua mashine kwangu. Wasipotoka, narudi kwenye karakana ya kaka yangu, kukaa kaunta na kupokea redio mbovu huku akinitambulisha kwa wateja, "Huyu mdogo wangu ana vyeti." Kiti changu bado kipo pale. Anasema anakifuta vumbi kila Jumamosi.

"Mimi kuku wangu nawajua kwa majina," Mama Kuku alisema, akichungulia ndani ya sanduku. "Hasa Malkia. Siku ukitotoa mayai ya Malkia, nitakuita dada."

Kwa umri wake angefaa kuniita mwanangu, lakini sikubisha.

Jumatano, 5 Machi. Mvua ya kwanza.

Feni ikianza kuzunguka, ubongo unasahau. Unazimika, unawaka, unauliza upya tuko nyuzi ngapi. Kama mzee aliyeamshwa usingizini.

Sababu naijua. Adapta ya ukutani inaleta volti ishirini na nne, ubongo unataka tano. Katikati kuna chipu ya kupunguza volti, na chipu hii hainywi umeme taratibu kama mtu anavyokunywa chai. Inagugumia mafunda, maelfu kwa maelfu kila sekunde. Kwa hiyo mlangoni pake lazima pawe na kapasita, ambayo ni kama ndoo ya maji iliyowekwa karibu, ili chipu isikimbilie kisimani kila inapotaka funda. Mimi niliweka pipa. Ndivyo tunavyoziita zile kapasita za zamani, kwa sababu zina umbo la pipa dogo. Tena nililiweka mbali, pembeni mwa bodi. Pipa ni zito kuitika. Chipu inaita, lenyewe bado linajinyoosha.

Nimeling'oa na kulitupa kwenye kopo la takataka. Nitaweka kapasita za kauri. Ndogo, bapa, nyepesi, unaita tu zimefika.

Baba mkwe ameuliza kama chakula cha jioni kiko tayari. Kilikuwa tayari tangu saa moja, tulikuwa tunamsubiri yeye anawe.

Ijumaa, 7 Machi. Mvua.

Nimekwenda duka la vipuri. Mwenye duka tunamwita Hakuna Ila Hii, kwa sababu ndilo jibu lake.

"Nataka kauri za mikrofaradi kumi, za volti hamsini."

"Hakuna. Ila hizi, za volti ishirini na tano."

"Umeme wangu ni ishirini na nne."

"Si umebakiza moja?" alisema. "Unataka chenji ya nini?"

Na mimi kwa kukosa subira nikazichukua. Nimempigia fundi wa paa nikiwa njiani. Anasema mbao zimelowa.

Jumatatu, 10 Machi. Mvua asubuhi, jua la kinafiki mchana.

Ubongo bado unasahau! Nimezipima. Kapasita imeandikwa kumi ubavuni, yaani ukubwa wa ndoo kwa mikrofaradi, na ukiipima mikononi ni kumi kweli. Ukiibana kwa volti ishirini na nne, inabaki mbili na kitu. Nilifundishwa jambo hili, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Ndiyo maana inatakiwa uchukue ya volti nyingi zaidi na umbo kubwa zaidi, halafu uhesabu kile kinachobaki ikishabanwa, si kile ilichoandikwa. Ni kama ndugu kwenye shughuli: wakati wa kula ni kumi, wakati wa kuosha masufuria unawakuta wawili.

Nimemwambia mume wangu haya yote kwa shauku. Akasema, "Kwa hiyo pole au hongera?"

Jumatano, 12 Machi.

Mvua. Hakuna Ila Hii amepata za volti hamsini. Ishirini, kubwa, nne kwa kila bodi. Nimezibandika ubavuni kabisa mwa chipu, kwenye bodi zote tano nilizotengeneza, moja ya kutumia na nne za akiba.

Alhamisi, 13 Machi.

INAFANYA KAZI. Feni inazunguka, ubongo umetulia tuli. Nimecheza peke yangu sebuleni. Si peke yangu, baba mkwe alikuwepo kwenye kiti chake kando ya mashine, ila aligundua nacheza nilipokuwa nimeshamaliza.

Jumamosi, 15 Machi. Radi.

Bodi moja imekufa. Asubuhi nilichomoa mashine nifagie chini, nikachomeka tena, ikatoa mlio mdogo kama mtu anayevunja kidole, kisha harufu. Chipu imepasuka kichwani.

Nimeweka bodi ya pili.

Jumatatu, 17 Machi. Radi na mvua.

Ya pili nayo. Nilikuwa nimeichomoa kusafisha feni. Nimeweka ya tatu.

Sasa sikiliza nilichokiona mchana. Radi ilipiga, na baba mkwe, bila kuinuka, akanyoosha mkono akazima mashine yangu kwenye swichi ya soketi ukutani. Radi ikapita. Akasubiri. Akawasha. Nikamuuliza, kwa adabu kadiri ya uwezo wangu, amefanya hivyo mara ngapi.

"Kila ikipiga, mwanangu. Radi na umeme si ndugu."

Kila ikipiga! Msimu huu wa mvua! Mtu anawasha na kuzima mashine nyeti kama anapunga nzi, halafu mimi najiuliza nani anaua bodi zangu. Nimekwenda saluni nikamtoa mume wangu katikati ya kichwa cha mteja.

"Mwambie baba yako asiguse mashine yangu."

"Mwambie mwenyewe, mnakaa nyumba moja."

"Ni baba yako!"

"Ni baba mkwe wako," alisema, "na huyu bwana hapa ana nusu nywele."

Nilirudi nikamwambia. Nilimwambia vizuri, kwa sauti ya chini, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya, kwa sababu kwa sauti ya juu angejua nimekasirika tu. Nilisema, "Baba, kukaa hapa siyo shida, shida ni mikono yako." Aliiangalia mikono yake, upande huu na upande huu, akaiweka magotini.

Nimempigia fundi wa paa mara mbili.

Alhamisi, 20 Machi. Mvua haijakatika.

Kicheche ameingia bandani usiku na kumuua Malkia.

Mama Kuku amekuja na kikapu alichokifunika kwa kitenge, amelowa chepechepe. Ndani kuna mayai kumi na mawili ya Malkia, aliyokuwa akiyaweka ili kuku mwingine ayaatamie. Mengine hayatakuwepo tena.

"Mashine iko tayari?" aliuliza.

Ningesema hapana. Fundi mwenye akili angesema hapana, nimeua bodi mbili na sijui kwa nini. Lakini mayai hayasubiri, na yule mama alikuwa ameshika kikapu kama ameshika mtoto. Nikasema ndiyo. Tumeyapanga pamoja, ncha chini, kila yai yeye akilisemesha kidogo. Kisha akakaa jikoni akalia kabisa, kwa sauti, na mimi sikujua la kufanya. Baba mkwe alikuja akakaa naye. Baadaye nilimsikia anamuuliza Malkia alikuwa rangi gani, na Mama Kuku akaanza kueleza, na kufikia mkia alikuwa anacheka.

Mimi ningempa maji na kumwambia ajikaze.

Ijumaa, 21 Machi.

Nyuzi ni sawa. Mvua.

Jumapili, 23 Machi.

Sawa. Kaka amepiga simu. Kiti kimefutwa.

Jumanne, 25 Machi. Mvua kubwa, radi mbali.

Haya, naandika yote, tangu mwanzo.

Saa nane mchana niligeuza mayai kama kawaida. Nikaona waya wa adapta umejikunja, nikachomoa plagi kwenye mashine, nikaunyoosha, nikachomeka. Tak. Harufu.

Bodi ya tatu. Mayai ya Malkia yamo ndani. Ya nne niliiweka haraka, nikaichomeka, tak, na ya nne! Nilikaa chini sakafuni. Imebaki moja, na Hakuna Ila Hii alishaniambia chipu hizi hakuna mpaka mwezi ujao, ila zile, na zile siyo.

Nilimpigia mume wangu. Alikuja na wembe mkononi, akaniona, akauficha. Baba mkwe alikuwa ameshachemsha maji. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameanza jambo kabla yangu. Akayatia kwenye chupa, akazifunga kwa mataulo, akazipanga ndani ya sanduku, akakaa akishika kipimajoto. Nyuzi zikishuka anabadilisha chupa moja. Si mbili. Moja, anangoja, anaangalia, kisha nyingine. Mimi ningekuwa nimeshayachemsha mayai yale.

Nikaishika bodi ya tano niiweke. Mume wangu akanishika mkono.

"Nani alikuwa anachomeka bodi ya kwanza ilipokufa?"

"Mimi."

"Ya pili?"

"Mimi. Lakini baba yako alikuwa..."

"Ya tatu na ya nne?"

Niliirudisha bodi ya tano mezani. Akamgeukia baba yake. "Baba, wewe ulizima na kuwasha mara ngapi?"

"Nilipokatazwa niliendelea," alisema baba mkwe, bila aibu yoyote. "Nilikatazwa mimi, radi haikukatazwa."

"Na haikufa hata siku moja?"

"Mbona ife? Nawasha tu."

Nilimwomba anionyeshe, kwa kutumia bodi mfu, bila kuruka chochote. Akainuka, na kuinuka kwake tukakusubiri. Akachomeka plagi ya adapta kwenye mashine. Akarudi kitini. Akaketi vizuri, akapanga mto. Ndipo akanyoosha mkono akabonyeza swichi ya ukutani.

Basi hapo nikaona. Mimi sizimi ukutani hata siku moja, kwa sababu ni kupoteza muda. Naacha adapta inawaka na kuichomeka kwenye mashine ikiwa hai, tak. Yeye anaunganisha kila kitu kikiwa kimelala, halafu anawasha, na adapta ikiamka inapandisha volti polepole.

"Baba, kwa nini unafanya hivyo?" nilimuuliza. Nilitegemea sijui nini.

"Soketi iko karibu na kiti," alisema. "Niiname mara mbili ya nini?"

Nilichukua skopu yangu, mashine yenye kioo kinachochora umeme unavyopita, nikaiunganisha na bodi mfu. Nikachomeka kwa namna yangu. Mstari ulipanda kama umefukuzwa, ukapita ishirini na nne, ukapita thelathini, ukafika arobaini na nne kabla ya kushuka ukitetemeka. Chipu mwisho wake ni thelathini na sita. Nikachomeka kwa namna ya baba mkwe. Mstari ulipanda mlima taratibu, ukasimama ishirini na nne, ukatulia.

Ni zile kauri zangu. Nyepesi mno! Umeme ukija kwa kasi kwenye waya mrefu, hakuna kitu cha kuushika, unapitiliza kama maji kwenye ndoo uliyoisukuma ghafla, na chipu ndiyo inayomwagikiwa. Pipa lile zito, lenye kujinyoosha, ndilo lingeuzuia. Na pipa nililitupa.

Nyani haoni kundule. Mimi nimeona, mbele ya mume wangu na mkwe wangu, kwenye kioo cha skopu.

Bodi ya tano tumeiwasha kwa namna ya baba mkwe. Mayai yalipoa kidogo tu.

Jumatano, 26 Machi. Mvua.

Nimekwenda kwa Hakuna Ila Hii nikiogopa jibu lake. "Nataka pipa. La volti hamsini, mikrofaradi mia."

Alinitazama. "Lipo," alisema. Nadhani wote wawili tulishtuka.

Nimelijaribu kwanza kwenye bodi mfu. Kauri zibaki pale pale ubavuni mwa chipu zijibu yale mafunda ya haraka, na pipa likae nyuma ya kauri, mlangoni waya unapoingilia. Nikachomeka kwa namna yangu mbaya kuliko zote. Mstari ulipanda, ukagusa ishirini na nane, ukatulia. Nimerudia mpaka mume wangu akaniuliza kama nalipiza kisasi. Kisha nikalilehemu kwenye bodi ya tano, mayai yakiwa kwenye chupa za baba mkwe.

Jioni nilimwambia, "Baba, ile siku nilisema kuhusu mikono yako. Nilikosea."

Alifikiri. Alifikiri mpaka nikataka kumjibia.

"Nilijua utakuja kuona," alisema. "Sikuwa na haraka."

Hakulala nje. Nimemsamehe, kwa kuwa haikuwa methali.

Jumatatu, 31 Machi.

Sawa. Mvua. Sijampigia fundi wa paa, nimesahau.

Alhamisi, 3 Aprili. Tufani.

Nguzo ya umeme imeanguka mwisho wa mtaa. Wanasema umeme utarudi kesho kutwa.

Chupa za maji hazitoshi siku mbili, na mtungi wa gesi uko mwishoni. Kuna betri mbili kubwa alizoleta Mama Kuku kwa ajili ya siku kama hii. Lakini betri haina swichi ya ukutani, na haiamki polepole. Ni kuchomeka ikiwa hai, tak au uzima. Pipa nilikuwa nimelijaribu kwa adapta tu, na waya wa betri ni mwingine, mnene. Ningejaribia kwenye bodi mfu, lakini skopu inataka umeme wa ukutani, na yenyewe iko juu ya kabati imefunikwa nailoni, kwa kuwa chumbani kwangu maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Kwa hiyo ilikuwa ni bodi ya mwisho, na mayai ya mwisho.

Mama Kuku alifika na mwavuli uliopinduka. Alisimama mlangoni. Mume wangu alishika tochi. Nilishika plagi, nikaisogeza, nikairudisha. Mimi! Ambaye sijawahi kusubiri mlango ufunguke wote ndipo niingie.

"Mwanangu," baba mkwe alisema kutoka kwenye kiti chake. "Umeweka lile pipa?"

"Nimeweka, Baba."

"Umelipima?"

"Nimelipima."

"Basi unangoja nini?"

Tulimgeukia wote. Mume wangu aliangusha tochi. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikia akimharakisha mtu. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikachomeka.

Hakuna tak. Taa ya kijani. Feni ikaanza kuzunguka, na ubongo ulikumbuka kila kitu.

Jumamosi, 5 Aprili.

Umeme umerudi. Nimechomoa betri, nikachomeka adapta, ikiwa hai, makusudi. Sawa.

Alhamisi, 10 Aprili. Mvua imepungua.

Yai la kwanza lilitoboka asubuhi. Mimi nilitaka kulisaidia kwa kibano. Mama Kuku na baba mkwe walinishika, mmoja mkono huu, mwingine ule, na tumekaa hivyo karibu siku nzima, watu wazima watatu wakilitazama sanduku. Wametoka tisa. Mmoja ana mkia uleule, anasema Mama Kuku, na alipokuwa akisema hivyo alijifuta machozi kwa kitenge, na mimi nikaazima ncha yake, na wala sioni haya kuandika.

"Haya, dada," aliniambia. "Kikundi kinataka mashine. Zote ziwe na lile pipa."

Nimempigia kaka. Nimemwambia kile kiti akiuze.

Jumatatu, 14 Aprili. Jua.

Fundi wa paa amepiga simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Mbao zimekauka, bati limefika, wiki hii anamaliza, mzee anaweza kufungasha. Baba mkwe alikuwa kitini kwake, mto umepangwa, mkono karibu na swichi, ingawa hakuna wingu hata moja.

Nilitoka nje kidogo ili asinisikie. Nikamwambia fundi mbao zikaguliwe tena, zote, moja moja. Na kwamba hakuna haraka.